Piga hodi kwanza: mwongozo kamili wa kutembelea na kujitolea katika hifadhi za vijiji, Lindi na Mtwara

Mara yangu ya kwanza kutaka kuingia msitu wa kijiji huku kusini, nilikaa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji masaa matatu, begi mgongoni na chupa ya maji imeisha. Nilikuja na bodaboda, bila barua, bila kumpigia simu mtu yeyote. Mkononi nilikuwa na tepu ya kupimia ya mita 50. Wazee wakanitazama, wakaitazama tepu, wakajua ni mnunuzi wa magogo aliyetangulizwa kuchungulia. Siwalaumu. Mwezi mmoja nyuma alipita kijana wa namna hiyo hiyo, akajiita mtafiti, na haikuchukua muda lori likaonekana usiku.

Yote ninayoandika hapa nimeyajua baada ya ule mwembe.

Kwanza, jua hifadhi ni ya nani

Tukisikia "hifadhi" wengi tunawaza geti, askari na bei ya kiingilio kwa dola. Zipo za namna hiyo, na ni za serikali. Lakini Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inagawa misitu mafungu manne: ya taifa, ya halmashauri, ya vijiji na ya watu binafsi. Pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kijiji kinaweza kutenga sehemu ya ardhi yake, kikaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kikapitisha kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, na msitu ukawa wake kweli, pamoja na mapato yake. Unaoitwa Usimamizi Shirikishi wa Misitu ndio huu.

Kule Zanzibar kuna Chumbe, kisiwa chenye matumbawe kinachoendeshwa na kampuni tangu 1994, na wageni wanakijua. Lindi na Mtwara kitu cha karibu zaidi na hicho ni msitu wa kijiji: hauendeshwi na serikali kuu, una mwenyewe, na mwenyewe ana uwezo wa kukukatalia. Tofauti ni kwamba mwenyewe ni watu elfu kadhaa, na wanawakilishwa na Kamati ya Maliasili ya Kijiji, watu ambao asubuhi wako shambani kwenye mikorosho kama wenzao. Hawana mapokezi wala tovuti. Usitegemee mtu akae anakusubiri.

Chagua pa kwenda

Kilwa ndiko kwenye historia ndefu. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, mwaka 2009, chini ya shirika la uhifadhi la MCDI la Kilwa Masoko, na hapo dunia ikasikia kwamba mpingo unaweza kuvunwa kwa utaratibu na fedha ikajenga kijijini. Baadaye vijiji vingine vikaingia, Nanjirinji A ikiwemo. Ukitaka kuelewa mambo yote kwa mpigo mmoja, kuanzia doria hadi daftari la mhazini, anzia huku.

Liwale kuna Magingo, Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori inayomilikiwa na vijiji kadhaa pembezoni mwa Selous. Hiyo ni ya wanyama wakubwa na haifai kwa mtu anayejaribu bahati. Huingii bila askari wa wanyamapori wa vijiji, na tembo wa Liwale si wale wa picha. Wamezoea kufukuzwa mashambani usiku, na wengi wana hasira.

Rondo, juu ya uwanda mkoani Lindi, ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kwa hiyo kibali ni cha TFS, si cha kijiji. Naitaja kwa sababu ya mnyama mmoja: komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote wanaojulikana, uzito wake kama gramu 60, mkia wake kama brashi ya kusafishia chupa. Ametambuliwa rasmi kama spishi mnamo miaka ya 1990 tu. Anaishi katika vipande vichache vya misitu ya pwani, na Litipo na Ziwani ni miongoni mwake. Hutamwona mchana. Utamsikia, kama una subira na kiongozi anayejua mlio wake.

Baharini, Mtwara kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650, Msimbati ikiwa ndani yake. Nayo ni ya serikali, ina ada yake na ofisi yake. Lakini kazi ya kila siku ufukweni, ya kulinda viota vya kasa na kuzuia nyavu haramu, inafanywa na wanakijiji wenyewe kupitia vikundi vya usimamizi wa rasilimali za pwani. Shirika la Sea Sense limefanya kazi na watu wa namna hiyo Kilwa na Mtwara.

Chagua msimu, na hapa usikosee

Huku kusini mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, pengine Mei. Wakati huo barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale inaweza kukushikilia siku mbili njiani. Hata barabara kuu si salama ya kutegemea: mvua za mwaka 2024 na kimbunga Hidaya cha Mei mwaka huo vilikata barabara ya Dar kwenda Lindi maeneo ya Somanga, na watu walilala kwenye mabasi.

Juni hadi Septemba ndio msimu wangu. Nyasi zimekauka, njia zinapitika, usiku kuna baridi ya kusi, na kazi ya moto inaendelea. Ila fahamu kwamba Juni na Julai watu wako kwenye kupulizia mikorosho salfa, na Oktoba hadi Desemba ni korosho. Ukimwomba mwanakamati akutembeze msituni siku tatu mwezi Novemba, unamwomba aache hela yake chini ya mti iokotwe na mtu mwingine. Atakubali kwa adabu, kisha hatatokea.

Kuna pia unyago na jando, hasa kiangazi baada ya mavuno. Ngoma ikipigwa kijijini, kazi ya hifadhi inasimama na ofisi inafungwa. Ukialikwa, kaa unapokaribishwa kukaa na weka simu mfukoni.

Barua

Hii ndiyo hatua niliyoiruka mimi. Wiki tatu kabla ya safari, andika barua kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, kupitia kwake iende kwa Mwenyekiti na Kamati ya Maliasili, nakala kwa Afisa Maliasili wa Wilaya. Ambatanisha barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa unakoishi na kivuli cha kitambulisho chako cha NIDA. Isizidi ukurasa mmoja. Iseme wewe ni nani, unataka kuona nini, utakaa siku ngapi, utalala wapi, utakula nini, na unaweza kufanya nini kwa mikono yako.

Sentensi ya mwisho hiyo ndiyo watu wanaikosea. Wanaandika "niko tayari kufanya kazi yoyote". Mtendaji akisoma hivyo anajua kwamba hujui kufanya chochote. Andika kitu: najua kupima miti, najua kutengeneza pikipiki, naweza kukaa na katibu wa kamati tukapanga kumbukumbu za doria kwenye kompyuta, najua kushona. Kijiji kimoja nilichokaa walimfurahia zaidi fundi baiskeli wa Masasi kuliko wahitimu watatu wa chuo, mimi nikiwa mmoja wao.

Kisha piga simu. Barua peke yake haifiki, au inafika na kulala kwenye meza. Namba ya mtendaji utaipata ofisi ya kata au kwa idara ya maliasili wilayani.

Ukiwa na rafiki kutoka nje ya nchi, mwambie mapema: viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi, hata ya kujitolea bila malipo. Anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, na kwa kawaida shirika linalompokea ndilo linalomwombea. Akitaka kufanya utafiti, kuna kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Yapo mashirika yanayochukua pesa nyingi kwa vijana wa Ulaya na kuwaambia hayo watayashughulikia wakifika. Asikubali. Aombe kuona usajili wa shirika, na aulize kijiji kinapata kiasi gani katika hizo pesa. Wakisita kujibu, ameshajibiwa.

Siku ya kufika

Nenda ofisini kabla ya kwenda kokote, hata kama mwenyeji wako ni mjomba wako. Salimia kwa mpangilio: wazee kwanza, shikamoo, kisha wengine. Saini kitabu cha wageni. Usianze na msitu. Utaulizwa habari za safari, nawe uliza habari za mvua, za korosho, za bei.

Kisha litakuja swali, na kwangu lilikuja hivi: "Nani kakutuma, mwanangu?" Nilijibu kwamba hakuna aliyenituma, nimekuja mwenyewe. Jibu baya kabisa! Mtu asiyetumwa hana wa kumdai akiharibu. Siku hizi najibu: "Nimekuja kwa barua, mzee, hii hapa nakala yake. Na wilayani wanajua." Mazungumzo yanabadilika hapo hapo.

Uliza ada. Kila kijiji kina sheria ndogo zake, kwa hiyo sikupi bei, lakini nakupa kanuni mbili. Ya kwanza: ada ya kijiji inakatiwa stakabadhi, na ukipewa mkono mtupu, omba kwa upole, "Mtendaji, risiti yangu jamani, nitaulizwa nyumbani." Ya pili: posho ya kiongozi ni kitu kingine na si ada. Kubaliana naye kabla ya kuondoka, kwa siku, mbele ya mwanakamati mwingine, na ujumlishe chakula chake.

Usivae chochote chenye madoa ya jeshi, hata kofia. Sheria inakataza, na huku karibu na mpaka wa Msumbiji watu hawachukulii mzaha. Droni nayo usiibebe bila vibali vyake. Ukiirusha juu ya kijiji bila ruhusa, safari yako imeishia kituo cha polisi.

Begi

Chandarua, dawa ya mbu na dawa zako, kwa sababu malaria ya ukanda huu haina likizo. Shati la mikono mirefu la rangi ya khaki au kahawia. Bluu na nyeusi waachie wengine, mbung'o wanazipenda. Suruali ya kuingiza ndani ya soksi, kwa ajili ya kupe na upupu. Upupu ukikugusa usijikune na usikimbilie maji. Wenyeji wengine hupaka majivu au udongo mkavu kisha wanapangusa. Tochi yenye betri za akiba, filimbi, lita 3 za maji kwa siku kwa mtu, chumvi, na chakula cha kutosha. Mchele, maharage, mafuta, sukari, majani ya chai: nunua Nangurukuru, Mtama au Masasi, usisubiri duka la kijijini. Ukimkabidhi mama mwenye nyumba siku ya kwanza, utakula naye ugali wa muhogo na mbaazi bila aibu hadi mwisho.

Ndani ya msitu

Kiongozi anatangulia, wewe unafuata, mwanakamati mwingine anafunga mstari. Usichukue kitu. Ming'oko tu, ambayo kila mtu huku anaipenda, ina wachimbaji wake na maeneo yake. Ukitaka kula, nunua barabarani ilikochemshwa.

Jifunze miti mitano siku ya kwanza: mpingo, mninga, mkongo, mvule, na miyombo inayotawala kila upande. Mpingo utaudharau ukiuona. Ni mti mfupi, uliopinda, wenye miiba, gome la kijivu, hauna haiba yoyote. Ndani ndiko kuna ule weusi ambao Wamakonde wanachonga na Wazungu wanatengenezea klarineti. Unachukua miaka zaidi ya 70 kufikia kuvunwa. Kiongozi wangu alinionyesha mmoja akasema babu yake aliuacha kwa sababu ulikuwa mwembamba, baba yake akauacha kwa sababu hiyo hiyo, na yeye anauacha.

Ukiambiwa "hapa hatupiti", hupiti. Baadhi ya vichaka ni vya matambiko, vingine ni makaburi ya zamani. Usiulize sababu mara mbili.

Nyoka: koboko, swila na kifutu wote wapo. Akiuma, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mlaze mtu, kiungo kisitikisike, bodaboda ya haraka hadi hospitali. Kabla hujaingia msituni, jua hospitali iliyo karibu ni ipi: Kinyonga kwa Kilwa, Sokoine kwa Lindi mjini, Nyangao, Ndanda, au Ligula kwa Mtwara. Zahanati ya kijiji mara nyingi haina dawa ya sumu ya nyoka.

Kazi yenyewe

Moto ndio unaoua misitu ya kusini kuliko shoka, na ndipo mikono ya ziada inapohitajika. Moto kichaa wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa kavu kabisa, unaunguza miche yote na kupasua magome. Dawa yake ni kuchoma mapema, kuanzia Mei mwishoni hadi Julai, nyasi zikiwa nusu kavu: moto unatambaa chini, unakufa wenyewe jioni umande ukishuka. Kazi ya mjitolea hapa ni kufyeka mkuza wa moto (njia tupu ya kuuzuia usivuke) kando ya mpaka, kubeba maji, kukaa ng'ambo ya mkuza, upande upepo unakoelekea, tawi bichi mkononi, na kupiga filimbi moto ukiruka. Kuwasha ni kazi ya kamati. Usiwashe wewe, hata ukipewa kiberiti kwa mzaha.

Upimaji wa miti ni kazi ya utulivu zaidi. Unazungusha tepu kwenye shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, yaani kifuani, mwenzako anaandika jina la mti na namba. Ukiwa kwenye mteremko, pima ukisimama upande wa juu. Mti ukigawanyika chini ya kifua, hesabu kila shina. Majina yaandikwe ya kwao, Kimwera au Kimakonde, kisha baadaye mtu anayejua ayaoanishe. Kosa kubwa la vijana wa chuo ni kubuni jina la kisayansi wakiona aibu kusema hawajui. Takwimu hizo ndizo zinazopanga kijiji kivune miti mingapi. Ukikosea wewe, unakatwa mti usiostahili.

Doria utaenda ukialikwa, na utakaa nyuma. Mkikutana na mpasuaji mbao au mchunga ng'ombe aliyeingia mipakani, hilo si shauri lako. Tangu wafugaji walipohamia Lindi kwa wingi baada ya kuondolewa Usangu miaka ya 2006 na 2007, ugomvi wa malisho una historia, una kesi, na una majirani ndani yake. Usipige picha, usiongee na mtu wa habari. Andika saa na mahali kwenye daftari ukiombwa, basi.

Kasa: kazi ya usiku ufukweni ni ya wachache wenye kibali, na unaenda na mlinzi wa viota. Mavazi meusi, hakuna tochi nyeupe, hakuna mwanga wa simu. Kasa akipanda kutoka majini, mnalala chini kwenye mchanga mbali naye. Akiona mwanga anageuka na mayai yake tumboni. Akishaanza kutaga, mayai mia moja na zaidi kwa kiota kimoja, ndipo mlinzi anaweza kusogea kupima gamba. Kiota kikiwa chini ya mstari wa maji ya bamvua, mlinzi atakihamisha kabla masaa hayajapita mengi, bila kulipindua yai hata moja. Miezi miwili baadaye vitoto vinatoka. Usivibebe kuvipeleka baharini kwa kuvionea huruma. Safari ile ya mchangani wanaihitaji. Fukuza tu kaa na mbwa, na kunguru kukipambazuka.

Kupanda mikoko, ambako kila kikundi kinapenda kwa sababu ya picha, niko mgumu kidogo. Mlilana unasimama mbele kabisa unakopiga wimbi, mkandaa unarudi nyuma kwenye ardhi ngumu, na mkoko wenyewe, ule uliobeba jina la mikoko yote, uko katikati kwenye tope. Ukichomeka mbegu za mkoko kwenye mchanga wa mlilana kwa sababu hapo ndipo gari linapofika, zitakufa kabla ya kusi kwisha. Muulize mama mchokoza pweza mti gani ulikuwa hapo zamani. Na mikoko yote ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo TFS wajue.

Kabla ya kuondoka

Acha siku moja nzima ya kurudisha ulichokipata. Kaa na kamati, soma namba ulizoandika kwa sauti, waache wakurekebishe, kisha waachie nakala ya karatasi. Usiwaachie flashi pekee. Picha ulizopiga za watu, zisafishe mjini uwatumie kwa basi. Aga ofisini kama ulivyopiga hodi, saini tena kitabu. Mambo ambayo hukuyapenda yaseme hapo kwa mwenyekiti, si kwenye Facebook ukishafika Dar.

Ile tepu yangu ya mita 50 sasa iko kwenye kabati la kamati ya kijiji kile kile chenye mwembe. Kila nikipiga simu kuuliza habari, katibu ananikumbusha kwamba namba kati ya 30 na 34 zimefutika, na kwamba safari hii nije na nyingine mpya, pamoja na barua.